Barua ya wazi kwa maDJ wa kumbi za sherehe: acheni wimbo ufike

Wanangu maDJ, na nyie ma-MC mnaokaa nao pembeni,

Shikamoo zenu nimezipokea, hata za wale ambao hawakuzitoa. Marahaba. Nina neno, na nimelikalia tangu Jumamosi.

Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu ya binti wa mdogo wangu, ukumbi mmoja huko Sinza. Chakula kizuri, kamati imejitahidi, sina lawama. Ilipofika zamu ya wazee, MC akatangaza zilipendwa na DJ akaweka wimbo wa Sikinde, yaani bendi ya Mlimani Park. Tukainuka. Mashairi yakapita, kiitikio kikapita, magitaa ndiyo kwanza yanaanza kujibizana, mke wangu keshamkabidhi jirani mkoba ili aserebuke kwa nafasi. Wimbo ukakatwa. Ukaja mwingine, nao ukakatwa palepale. MC akapaza sauti: "Wazee wetu wamefurahi, tuwapigie makofi!" Wazee wenyewe tumesimama katikati ya ukumbi, mikono inaning'inia. Tulifurahi saa ngapi?

Nilimfuata kijana kwenye mashine yake. Kwa adabu kabisa akaniambia, "Babu, nyimbo za zamani ni ndefu, halafu zote zinafanana. Watu wanachoka." Sikumjibu, maspika yalikuwa juu na kifua changu si cha kushindana nayo. Namjibu hapa, yeye na wenzake.

Wimbo wa dansi wa Dar es Salaam haukutungwa uishie kwenye maneno. Sehemu ya kwanza ni kisa: mume kafukuza mke, mpangaji kagombana na mwenye nyumba, rafiki kageuka adui. Mwendo ni wa kadiri. Unacheza huku unasikiliza na kutikisa kichwa, maana kisa kinamhusu mtu unayemjua. Kisa kikiisha ndipo linakuja chemko. Waimbaji wanabaki na kibwagizo kifupi, tumba zinachangamka, tarumbeta na saksafoni zinaingia, magitaa yanaachiwa uwanja. Hapo ndipo watu wanapoyarudi magoma. Kukata wimbo kabla ya chemko ni kumkaribisha mgeni pilau, akishanawa mikono ukaondoa sinia.

Na hayo magitaa, nani kati yenu amewahi kuyahesabu? Kuna solo, kuna solo la pili, kuna rithimu, kuna besi. Chukua wimbo wowote wa Mlimani Park, bendi iliyoanza 1978, ambayo mtindo wake wa Sikinde umebeba jina la ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa ardhi hii mnayoijengea kumbi. Usikilize usiku, umeketi, hedifoni masikioni. Mara ya kwanza fuata besi tu, mengine yaache. Utaona mpigaji hapigi mfululizo: anapiga, ananyamaza, anarudi mahali ambapo hukumtegemea. Mara ya pili fuata rithimu. Anarudia kipande kifupi kilekile, na ungekisikia peke yake ungesema ni mtu anajifunza. Mara ya tatu mfuate wa solo la pili, anayeingia kwenye mianya waliyoiacha wenzake. Kisha wasikilize wote kwa pamoja, na utasikia sauti ambayo hakuna hata mmoja wao anayeipiga. Inatokea katikati yao. Ukishaisikia hiyo, njoo Magomeni uniambie tena kwamba zote zinafanana.

Halafu fanya vivyo hivyo kwa Msondo, iliyozaliwa 1964 ikiitwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU. Pale kaza sikio kwenye mapulizo. Mashabiki wa bendi hizi mbili nusura wasioleane, na hawakugombea maneno ya nyimbo. Waligombea jinsi kila bendi inavyochemka. Mtu asiyefika kwenye chemko hawezi hata kujua ugomvi ulihusu nini.

Msidhani nasema haya kwa kuwa nimezeeka nayo. Mimi nilikuwa fundi redio Kariakoo, na fundi redio hachagui muziki. Anasikiliza anachokipenda mteja, kwa sababu redio ikishapona lazima uiache iimbe muda mrefu uhakikishe haikwaruzi. Nilipokuwa bado namshikia koleo bosi wangu, kulikuwa na mteja mpenzi wa Redio Kairo. Alhamisi ya kwanza ya mwezi Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, alikuwa akiimba moja kwa moja redioni, na wimbo mmoja ungeweza kumaliza saa nzima. Fidla na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, zinatangulia kwa muda mrefu, mama hajafungua mdomo. Akiufungua anaimba mstari mmoja, ukumbi unapiga kelele arudie, anaurudia, na kila akiurudia kaugeuza kidogo. Mwaka 1964 aliimba "Enta Omri", aliyotungiwa na Mohammed Abdel Wahab, na utangulizi wake tu unatosha kuwaaibisha nyie wa dakika moja. Mteja mwingine alikuwa Mhindi wa Kisutu, na kanda zake zilinitesa mwanzoni. Sitar inaanza bila ngoma, mpigaji anaitafuta raga, yaani mpangilio wa sauti za wimbo wake, sauti moja moja, taratibu. Tabla inaingia baadaye, na kuanzia hapo mwendo unapanda mpaka hujui vidole vinafuatanaje. Kumbe si sisi peke yetu tunaouweka utamu mbele ya safari. Kairo wanajua, India wanajua, na Wazaramo walijua kabla hawajaambiwa na mtu.

Hata Wazungu, ambao mnadhani wana haraka. "Haleluya" ya Handel kwaya nyingi za hapa mjini huiimba Krismasi na Pasaka, na huiimba vizuri. Wangapi wanajua kwamba huo si wimbo unaojitegemea? Handel aliandika kazi nzima ya Messiah mwaka 1741 akiwa London, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka uliofuata. Ina sehemu tatu na inachukua zaidi ya saa mbili. Haleluya inafunga sehemu ya pili, baada ya msikilizaji kupitishwa kwenye dharau na mateso na kifo. Ukishapita huko kwanza, ile sauti ya wote kwa pamoja inakuinua kwenye kiti. Ukiikata na kuiweka peke yake, unabaki na kelele nzuri.

Lipo lingine, nalo liliniudhi siku ileile. Wakati wa kula iliwekwa taarabu ya zamani ya Unguja, na kijana mmoja wa mitambo akacheka kwamba fidla imetoka nje ya tyuni. Mwanangu, haikutoka. Katika makamu za Kiarabu, yaani mipangilio ya sauti za muziki wao, kwa mfano ile iitwayo rast, ipo sauti inayokaa katikati ya vibonyezo viwili vya kinanda, na kinanda hakina pa kuipigia. Fidla na udi wanayo. Sultan Barghash wa Zanzibar alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni katika karne ya kumi na tisa, na klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa ipo tangu 1905. Watu hawa walijua walichokuwa wanakifanya. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Nawe unataka kumrekebisha kwa programu ya kwenye laptopu? Usipime muziki wa watu kwa kinanda chako. Ilimba ya Wagogo, ile inayopigwa kwa vidole gumba, nayo haikutengenezwa ilingane na piano, na Hukwe Zawose aliizungusha dunia nzima bila kuomba radhi.

Sasa wazee wenzangu msishangilie sana, maana najua mnavyoisema singeli. "Kelele." "Muziki wa wahuni." Mliketi mkaisikiliza? Imetoka Manzese na Tandale, kwa vijana wa mchiriku, muziki wa ngoma za mitaani, na vinanda vyao vya Casio vya bei rahisi, na humo ndani kuna vipande vya taarabu vilivyokimbizwa kasi mpaka wengi hawavitambui. Mnatukana wajukuu wa muziki wenu wenyewe. Dansi nalo lilianza hivyohivyo. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa 1932, na kuanzia 1933 kampuni ya HMV ikaanza kutoa santuri za mfululizo ulioitwa GV, zenye nyimbo za Kuba. Vijana wa pwani na bara wakazidaka, Salum Abdallah wa Morogoro akafika hadi kuiita bendi yake Cuban Marimba. Na midundo ile ya Kuba ilikuwa imepelekwa kule na Waafrika waliouzwa utumwani. Nani basi wa kumwambia mwenzake arudi kwao?

Lakini vijana siwalaumu peke yao, maana nani aliwafundisha? Somo la muziki limeandikwa kwenye mtaala. Tafuta shule ya kata yenye mwalimu wake, ukimpata nijulishe nije nimpe mkono. Bendi zetu zilirekodi Redio Tanzania, pale Barabara ya Pugu ambayo leo ni ya Nyerere. Kazi ile mnaipata kwenye simu, imekatwa mwanzo na mwisho na mtu mwenye haraka, jina la mtunzi halipo, jina la bendi limekosewa. Baba anamjua Marijani Rajabu lakini hajawahi kukaa na mwanawe wakamsikiliza pamoja. Harusi inachangiwa mamilioni, mapambo yanajadiliwa vikao kwa vikao, na muziki unaachiwa flashi ya kijana ambaye hakuna aliyemuuliza ataanza na nini.

Mengine nayataja tu. Jueni majina: Mbaraka Mwinshehe si "yule wa Morogoro". Nendeni mkaone bendi ikipiga jukwaani. Ulizeni maneno ya wimbo yanasema nini kabla hamjaupiga mbele ya wakwe. Jifunzeni kupiga ngoma moja, hata vibaya. Msisikilize kwa spika ya simu. Na punguzeni sauti, jamani, watu wanakula.

Mjukuu wangu anaolewa Desemba, Temeke. Nimeshamwambia baba yake kwamba DJ anayetaka kazi hiyo apite kwangu kwanza. Nitamwekea kiti na chai, nitampigia wimbo mmoja mzima. Akifika mwisho bila kugusa simu, kazi ni yake, na malipo ya awali natoa mimi.

Babu yenu,
fundi redio mstaafu, Magomeni