Kidole hicho kisipasuliwe

Kibosho, Jumapili jioni

Mwanangu Eliya,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Picha uliyomtumia dada yako nimeiona. Kaikuza mpaka nikaona mistari ya ngozi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikilizi, ni "sawa mama, sawa mama" huku cherehani inanguruma. Barua nampa jirani anayeshusha ndizi Arusha kesho.

Kidole hicho usikubali kipasuliwe. Nasikia kijana wa duka la dawa hapo karibu nawe anasema ni jipu, limeiva, yeye ana wembe. Halijaiva. Hamna usaha mle. Akikipasua itatoka damu na majimaji tu, kisha uchafu uingie, ndipo usaha wenyewe uje. Ya baba yako na wembe unayajua, sirudii. Ila kila nikimenya ndizi, gumba langu halikunji.

Ni ugonjwa wa mbuzi. Bwana mifugo alipita Jumatano akamtazama yule mtoto mweupe uliyekuwa unamnywesha maziwa kwa chupa ya soda siku za Pasaka. Midomo imejaa magaga meusi, yameumuka kama ukoko wa uji kwenye ukingo wa sufuria. Na mama yake chuchu zina vidonda, kumbe ndiyo maana alikuwa anampiga mateke. Jina lake la kitaalamu ni orfu, kirusi cha ukoo wa ndui, ingawa siyo ile ndui ya mbuzi. Kwa mtu kinaingia pale ngozi ilipochubuka, na wewe ulikuja na kidole kilichochomwa na sindano ya cherehani. Baada ya siku tatu mpaka saba hivi kipele kinatoka. Hesabu kuanzia Pasaka uone.

Yale magaga niliyaona kabla hujafika. Nikadhani ni miiba ya majani. Tena nani alikwambia umshike taya vizuri, usimwonee kinyaa? Basi.

Kesho nenda hospitali, na neno la kwanza liwe mbuzi. Wewe ukiingia kwa daktari unajibu kama shahidi mahakamani, mpaka uvutwe. Usipomwambia, naye atasema jipu na kuomba kisu. Halafu huku kwetu kaskazini kimeta kipo, nacho huacha kidonda cheusi kisichouma, na hicho hakingoji, kinataka dawa mara moja. Atajuaje cha kuchunguza kama hujasema? Mwambie pia kwetu hakuna mnyama aliyekufa ghafla.

Wakishasema ni hiki cha mbuzi, tulia. Hakuna kidonge cha kukiua. Antibayotiki ni pale tu uchafu mwingine ukishaingia, kwa hiyo usinunue vidonge vya rangi mbili dukani kwa huyo kijana. Kitavimba, kitakuwa na duara jeupe na wekundu kuzunguka, kitatoa maji, kisha kitakauka na kudondoka chenyewe. Wiki nne, sita, hata nane. Osha, funga kitambaa safi kikavu. Homa ikija au kwapa likivimba, rudi hospitali. Usikipasue.

Najua una sare za shule za watu na malipo ya awali umeshakula. Mpe yule kijana wako apige cherehani, wewe kata vitambaa kwa mkono mzima. Suti uliyomshonea mjomba wako watu wanaiulizia mpaka nje ya kanisa, mikono hiyo si ya kuchezea. Ila kichwa chako ni cha baba yako.

Neema asiguse hilo bandeji. Mtu kumwambukiza mtu ni nadra sana, lakini mtoto ana pumu ya ngozi, na ngozi ya namna ile kirusi hiki kikiipata hutapakaa. Lile koti ulilovaa bandani mama Neema alifue peke yake. Gaga kavu likidondoka linakaa na kirusi miezi na miezi.

Huku nimefagia banda, magaga na majani ya kulalia nimeyachoma moto, na glavu nimevaa, usianze. Yule mdogo sasa ananyonya chupa bila kulia. Mvua haijaacha, bati la jikoni linavuja palepale ulipogongelea msumari wa pili niliokukataza. Mkungu wa mshare ni wenu, mgawane na wa jirani. Sufuria yangu ya machalari mkeo aliondoka nayo na mfuniko, mwambie sijakasirika lakini ninapikia nini?

Ukija, bandani usiingie. Wanasema hata aliyeugua anaweza kuugua tena.

Dada yako atakupigia kesho saa mbili usiku kwa video. Onyesha kidole, siyo uso.

Mama yako