Barua kwa rafiki: njia yetu ya pikipiki baada ya mvua

Ihumwa, Dodoma
Alhamisi, 12 Februari

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Nyumbani wote hatujambo, ila njia yetu ya mashindano ya pikipiki haikusalimika: mvua ya juzi Jumanne ilinyesha usiku kucha, na kulipopambazuka bonde lililo kati ya tuta la kurukia la tatu na la nne lilikuwa limejaa maji yanayonifika magotini. Umeniuliza kama uwalete vijana wako kwenye mbio za Jumapili tarehe 22 au uwaache wapumzike, tena ukaniomba nikueleze namna tunavyoitengeneza njia baada ya maji mengi kiasi hiki, kwa kuwa ya kwenu huko Iringa nayo imeharibika. Walete. Zimebaki siku kumi, nazo zinatosha, mradi mimi mwenyewe nisiwe na haraka.

Naitaja haraka kwa sababu ndiyo iliyotuponza mwaka jana. Dereva wa greda tuliyoikodi alikuwa na nafasi siku moja tu, nami nikamruhusu aingie mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Yale magurudumu mazito yaliukanda udongo ukiwa mbichi kama unga wa chapati, kisha jua la siku tatu likaukausha ukawa mgumu kama tofali, unang'aa na hauna pa kushika tairi. Kijana mmoja wa miaka kumi na saba aliteleza gurudumu la mbele kwenye kona ya pili akavunjika mtulinga. Nilikuwa naye ndani ya gari hadi hospitali, nimemshikilia mkono usitikisike, na sijasahau jinsi alivyokuwa akiniuliza kila tulipopita kwenye shimo kama tumekaribia kufika. Tangu siku hiyo mashine haiingii njiani kabla udongo wenyewe haujaruhusu.

Kwa hiyo jana tulianza kwa mikono. Tulikuwa watu sita wenye majembe na sepetu, na kazi ilikuwa kuyafungulia maji tu: unatafuta mahali dimbwi lilipo na kina zaidi, unachimba mfereji mwembamba kutoka hapo hadi nje ya njia, unayaacha yaondoke yenyewe. Baadaye tulikwangua lile tope laini la juu, lililo kama uji, tukalirundika pembeni. Nakusihi msilitupe tope hilo. Ndani yake ndimo ulimo mfinyanzi ambao mvua imeuosha kutoka kwenye matuta, na kinachobaki chini ni mchanga usioshikana, kwa hiyo likishakauka linarudishwa na kuchanganywa upya.

Upande wa juu wa njia tunachimba kingamaji jipya, yaani mtaro wenye tuta la kuyageuza maji, refu kuliko la zamani. Nililelewa Kondoa, na baba yangu alikuwa miongoni mwa waliochimba makingamaji wakati wa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ule wa HADO ulioanza mwaka 1973, mpaka mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika maeneo yaliyoliwa na makorongo. Yeye alikuwa akisema maji hupewa njia kabla hayajajitafutia, na kila nikiiona mifereji iliyochimbwa na mvua katikati ya mteremko wetu naona kwamba tatizo halikuanzia njiani, limeanzia kule mlimani maji yanakotoka.

Sasa tunangoja. Kila asubuhi nachimbua udongo kwa kina cha kidole, naufinya kiganjani, kisha nauachia uanguke kutoka usawa wa kiuno. Ukitua na kusambaa kama kinyesi cha ng'ombe, bado ni mbichi. Ukipasuka vipande viwili vitatu, trekta liingie na haro, ile ya kuvunja mabonge, lilime sentimita kama kumi na tano. Ukiwa vumbi, tumechelewa. Leo umesambaa. Kwenye lile bonde, ambalo huwa la mwisho kukauka, tutachanganya maganda ya karanga ili udongo upate kupumua.

Matuta ya kurukia sitaki yaguswe na mashine hata kidogo. Uso wa kupandia tunauziba kwa udongo wa kichuguu uliopondwa, tukinyunyizia maji kidogo na kushindilia tabaka baada ya tabaka, kwa kuwa haumung'unyuki upesi. Uso wa kutua ndio unaoninyima usingizi. Jua na upepo wa huku hukausha ngozi ya juu kwa siku moja, ukatazama ukaona pamekauka, kumbe chini ni uji mtupu. Jana jioni nilisimamisha mtaimbo juu ya tuta la nne, mahali palipokuwa na nyufa za ukavu kabisa, nikauegemea kidogo tu: ukazama hadi nusu. Hebu fikiria pikipiki yenye kilo mia moja, na mtu juu yake, inashuka hapo kutoka angani. Usiruhusu mtu aruke kwenye njia yenu kabla hujapima hivyo kila mahali pa kutua.

Jumamosi tarehe 21 jioni tutaleta boza la maji. Wapo watakaoshangaa kwamba tunamwagilia baada ya kulalamikia mvua, lakini mbio zikianza kwenye udongo mkavu, wa nyuma hawaoni kitu kwa vumbi, na maji ya jioni hupata usiku mzima wa kunywewa. Mawingu yakitanda kabla ya hapo, tutapitisha rola uso uwe laini na wenye mgongo katikati, mvua iteleze pembeni.

Usizifuate siku zangu kwa kuzihesabu, kwa sababu udongo wenu mwekundu una mfinyanzi mwingi na hukawia kukauka kuliko huu wetu wa kichanga. Fuata kiganja chako.

Mfike Jumamosi hiyo tarehe 21 kabla ya adhuhuri, ili vijana waizunguke njia kwa miguu pamoja nami. Na kama gari litakuwa na nafasi, nipitie Mafinga uninunulie magunia kumi ya maranda ya mbao. Maganda ya karanga niliyopata hayatatosha bonde lote, na gharama nitakurudishia ukifika.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako wa Ihumwa