Barua kwa mwanangu Baraka: C- ya takwimu

Mwanangu Baraka,

Marahaba. Picha ya matokeo nimeipata, nikaikuza mpaka kila mstari ukasomeka. Chini yake umeandika, "Nimepita yote, mama." Neno hilo ndilo lililoninyima usingizi. Takwimu umepata C-. Kwa chuo umepita na yuniti zako 4 umepewa. Lakini mwongozo wa idara ya saikolojia unataka C au zaidi katika kila kozi ya msingi. Kwa pointi, C ni 2.0, C- ni 1.7. Kwa idara, takwimu bado hujaisoma.

Shangazi zako wanatangaza kwamba unasoma saikolojia Marekani. Siwalaumu, kwa sababu hapa kwetu mtu akidahiliwa, jina la programu limo kwenye barua ya udahili tangu mwanzo. Wewe umeingia kwa hadhi ya awali tu. Unasoma kozi za msingi, unatimiza masharti, halafu unaomba mwenyewe idara ikupokee. Usipoomba hakuna atakayekutafuta. Kwa hiyo nenda kwa mshauri wa masomo wiki hii, tena yule wa idara. Wa chuo kizima anajua kanuni za chuo. Masharti ya idara hubadilika mwaka hadi mwaka, na wa idara ndiye atakayekwambia unafuata mwongozo wa mwaka gani.

Nakuhimiza kwa sababu kozi zile zimefungana: utangulizi, kisha takwimu, kisha mbinu za utafiti. Bila takwimu iliyokubalika, mfumo hautakuandikisha mbinu za utafiti, na bila mbinu huna cha kuombea. Na hata ukipenya kwingine, kozi za juu, hasa za maabara, nafasi zake za mwanzo huwekewa waliokwisha kupokelewa. Muhula mmoja ukipotea hapa, unakuja kuulipa mwaka wa nne, kwa ada ileile ya dola. Huko hakuna sapu, ule mtihani wa marudio wa huku, Baraka. Unarudia kozi nzima, na majaribio yake, na kazi zake za kila wiki.

Ukikuta darasa la takwimu limejaa, jiweke kwenye orodha ya kusubiri, uhudhurie kuanzia kipindi cha kwanza kana kwamba umo, na umwandikie mhadhiri barua pepe fupi yenye namba yako ya usajili. Wiki za mwanzo watu huacha kozi na nafasi hupatikana. Dirisha la kuongeza na kuacha kozi likishafungwa, mlango umefungwa. Na mtu asikushauri kuichukua kwa mtindo wa kufaulu au kutofaulu bila alama. Inaonekana kama nafuu, lakini kozi za msingi zinahitaji alama ya herufi.

Sasa hesabu, maana naona umeikwepa. Kumbuka GPA yenu, yaani wastani wa pointi za alama, ni ya 4, siyo ya 5 kama ya hapa. Idara inataka wastani wa 2.5 katika kozi hizo tatu. Utangulizi una B, yaani 3.0. Tuseme takwimu ukirudia unapata B, na mbinu unapata B-, yaani 2.7. Alama mpya ikifuta ya zamani, ni 8.7 gawa kwa 3: 2.9. Idara ikihesabu mara zote mbili za takwimu, ni 10.4 gawa kwa 4: 2.6. Umepita kwa wembe. Kwa hiyo muulize mshauri swali hilohilo, idara inafuta au inachanganya, na umwombe akujibu kwa maandishi. Chuo kinaweza kufuta kwenye GPA ya jumla huku idara ikihesabu kwa namna yake, na kwenye transkripti zote mbili zinabaki.

Habari ya kusoma takwimu kiangazi kwenye chuo cha jamii kwa bei nafuu, subiri kwanza. Mara nyingi yuniti huhamishwa ila alama haiingii kwenye GPA, na kozi yenyewe isipokubaliwa mapema kuwa sawa na ya kwenu, fedha imekwenda. Usilipe kabla ya kuonana na mshauri.

Wala usiache kozi yoyote kabla ya kupita ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Kwa viza yako ya mwanafunzi, F-1, huruhusiwi kushuka chini ya yuniti 12 bila idhini, na idhini hutangulia, haifuati. Kozi ya mtandaoni inayohesabiwa humo ni moja tu kwa muhula. Siku ukipokelewa idarani, rudi kwao warekebishe I-20 yako, ile hati ya chuo inayobeba viza yako, na uangalie msimbo wa programu. Saikolojia ya jumla ni 42.0101, nayo haitoi ile nyongeza ya miezi 24 ya kufanya kazi huko, juu ya mwaka mmoja wa kazi unaoruhusiwa ukihitimu. Saikolojia ya majaribio, 42.2704, inatoa. Kama idara yenu ina njia zote mbili, hilo ni la kujua sasa.

Ile ripoti yako ya jaribio la kumbukumbu niliisoma yote. Sehemu ya mbinu umeiandika vizuri sana. Mtu angeweza kulirudia jaribio bila kukuuliza neno. Ndiyo maana C- hii inaniuma. Ila kwenye matokeo uliandika kwamba p ya 0.03 maana yake kuna uwezekano wa asilimia 3 kwamba tofauti haipo. Sivyo. Maana yake ni kwamba, kama tofauti haipo kabisa, data kama hizo au zilizozidi hapo zingetokea mara 3 katika 100. Ukikariri fomula bila kulielewa hilo, mtihani utakuangusha tena. Nenda kwenye saa za ofisi za mhadhiri ukiwa na swali mkononi.

Baba yako anasema wewe umezoeshwa kujaziwa fomu. Labda. Hii jaza mwenyewe, lakini umeonana na mshauri? Niambie siku.

Fedha ya muhula itaingia kwenye akaunti ileile, usiibadilishe. Rehema anasubiri matokeo ya kidato cha nne na hali vizuri, mpigie. Pampu ya kisima imeungua tena, tunachota kwa jirani. Bibi yako mguu umepungua kuvimba. Mtoto wa jirani anasafiri kuja huko mwishoni mwa mwezi, nimempa iliki. Viatu vyako vya kazi vinatengenezwa. Bado unavaa 43? Nijibu hilo pamoja na la mshauri.

Mama yako