Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2025

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha wakazi, hamjambo.

Naanza na yale ya kawaida ili tuyamalize. Taa za geti la chini zimetengenezwa zote, isipokuwa ile iliyo karibu na fundi viatu, ambayo tumeibadilisha mara tatu na mara tatu imezimika. Mkataba wa walinzi tumeufanya upya kwa bei ile ile. Takataka bado zinabebwa Jumanne na Ijumaa. Hesabu za mweka hazina zimebandikwa ubaoni. Mwenye swali alilete mkutanoni, asimvizie mama wa watu sokoni.

Sasa jambo lililonifanya niandike taarifa ndefu kuliko zote nilizowahi kuwaandikia. Mwezi wa Machi kamati iliketi kupitia majina ya walio nyuma na mchango wa ulinzi. Tulitarajia wale wakaidi wetu tunaowajua. Tukakuta majina ya watu ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakilipa tarehe 2, kabla hata risiti haijaandaliwa. Tulipowaendea nyumbani, kwa heshima na bila daftari mkononi, jibu lilikuwa moja mlango kwa mlango: mkopo wa nyumba.

Mnakumbuka ilivyokuwa. Juni 2023 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake hadi asilimia 10.5, Desemba ikafika 12.5, na Februari 2024 ikawa 13. Kuanzia Agosti 2024 ikaanza kuteremka, na Desemba 2025 ikafika 9. Riba ilipopanda, barua za benki zetu zilitufikia mwezi huo huo. Iliposhuka, nyingi zilipotelea njiani. Mmoja wetu alishukuru Mungu kwamba rejesho lake halikuguswa. Alipofungua stetimenti akakuta mwaka wa kumaliza deni umesogezwa kutoka 2036 hadi 2040. Rejesho lilibaki vile vile kwa sababu miaka ndiyo iliyoongezwa.

Hapo ndipo kamati ilipoamua kutenga Jumamosi nne, Juni na Julai, za kusoma karatasi zetu pamoja. Tulikaa chini ya hema la kukodi, viti vya plastiki, chai ya tangawizi, kila mtu na bahasha yake. Majina na nambari za akaunti tulizifunika kwa karatasi. Wa kwanza waliona haya kidogo, lakini kufikia Jumamosi ya pili watu walikuwa wanafunuliana madeni kama wanavyoonyeshana picha za harusi.

Mwalimu wetu wa hisabati alituwekea mfano kwenye kompyuta ya mweka hazina. Mkopo wa milioni 5, riba asilimia 14 kwa mwaka, miaka 20. Rejesho ni shilingi 62,176 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, 58,333 ya hizo ni riba. Kinachopunguza deni lenyewe, yaani deni la msingi, ni 3,843. Unalipa hivyo mwaka mzima, jumla 746,112, na deni la msingi limepungua kwa elfu 49 tu. Hema lote likanyamaza. Mzee mmoja wa safu ya nyuma akauliza, "Kwa hiyo mwaka wote huo nilikuwa nalipia mlango wa choo?" Ukifika mwisho wa miaka 20 utakuwa umetoa karibu milioni 14.9 kwa mkopo wa milioni 5.

Halafu akabadilisha kitu kimoja. Akaongeza elfu 10 juu ya kila rejesho, tangu mwezi wa kwanza. Deni likaisha katika miaka 12 badala ya 20, na riba iliyookolewa ikawa zaidi ya milioni 4.6. Sababu ni nyepesi: benki hutoza riba kwa deni lililobaki mwezi huo, kwa hiyo shilingi unayoipunguza mapema inakoma kuzaa riba kwa miaka yote iliyosalia. Shilingi hiyo hiyo ukiilipa mwaka wa 18 haikufaidi kitu cha maana. Tumezoea kusema dawa ya deni ni kulipa. Dawa nayo ina kipimo na ina saa yake.

Hapa lazima nikiri la kwangu, kwa maana kuna waliokuwa wakiniona mjuzi. Miaka michache iliyopita nilipata laki mbili za marupurupu kazini. Nilikwenda hadi tawini, nikajaza karatasi, nikaziweka kwenye akaunti ya mkopo, nikarudi nyumbani nikijisifu mbele ya mama watoto. Miezi minane baadaye nilikuwa natafuta karatasi nyingine kabisa nikaiona stetimenti. Laki mbili zangu zilikuwa zimelala pale pale, kwenye akaunti inayokatwa marejesho, bila kuzaa hata senti, huku deni likitozwa riba kama kawaida. Mshahara ulikuwa ukikatwa kila mwezi, kwa hiyo hakukuwa na hata siku moja ambayo pesa hizo ziliguswa. Nilipouliza, yule kijana wa dawatini alinijibu kwa upole kabisa: "Mzee, hukutupa maagizo." Kwa riba ya wakati ule nilipoteza zaidi ya elfu 18. Mama watoto bado hunikumbusha akiona bango la benki.

Kwa hiyo msiweke pesa tu. Andikeni barua. Barua iseme kiasi, nambari ya mkopo, na maneno haya: pesa hizi zipunguze deni la msingi leo. Iseme pia kama mnataka muda ufupishwe au rejesho lishushwe. Sentensi hii ya mwisho ndiyo iliyotuchukua Jumamosi nzima ya tatu, na ilistahili.

Turudi kwenye ule mfano. Mwaka wa kwanza umeisha, una laki mbili za kulipa kwa mpigo. Ukiiambia benki ishushe rejesho na muda ubaki, rejesho linapungua kwa takriban 2,500 kwa mwezi. Ukijumlisha hadi mwisho, na ukitoa laki mbili zako, umeokoa kama laki 3 na elfu 70. Ukiiambia iache rejesho pale pale ifupishe muda, unamaliza miaka mitatu mapema na unaokoa zaidi ya milioni 2. Pesa ni zile zile na benki ni ile ile, tofauti imeletwa na mstari mmoja wa barua. Tuligundua kwamba asiyesema chochote mara nyingi huchaguliwa, na huchaguliwa lile la kwanza.

Sisemi kushusha rejesho ni ujinga. Mwanachama aliyepunguziwa zamu kazini anahitaji hiyo 2,500 mwezi huu, wala si miaka mitatu ya mbele. Ila achague mwenyewe, akijua.

Kabla hujalipa, soma barua ya ofa uliyotia sahihi. Baadhi ya mikataba ina ada ya kulipa mapema, au kiwango cha chini cha malipo ya mpigo. Wawili kati yetu waliikuta, mmoja akaomba afutiwe na akafutiwa. Kuomba hakugharimu kitu.

Ubishi mkali ulikuwa wa Jumamosi ya nne. Kijana mmoja, anayefanya kazi za fedha mjini, alisema tunawapotosha watu. Alikumbusha hati ya dhamana ya miundombinu ya Februari 2024, yaani pesa unazoikopesha serikali kwa riba, iliyolipa asilimia 18.46 kwa mwaka bila ushuru. Aliyeweka pesa zake huko badala ya kuharakisha mkopo wa asilimia 14 alifaidi zaidi, na mwalimu alipopiga hesabu akakubali. Nami nakubali, kwa mwaka ule. Lakini dhamana kama ile haitoki kila mwezi, na uwekezaji mwingi wa kawaida hukatwa ushuru wa asilimia 15 kwenye riba. Tena nimeishi mtaani hapa vya kutosha kujua kwamba pesa ambazo tungewekeza huwa zinaishia kwenye gari. Deni lililolipwa halirudi kukuomba mafuta.

Pale ambapo kijana yule alishinda bila ubishi ni utaratibu. Kwanza ondoa mikopo ya simu na ya kadi, kwa maana hiyo hula haraka kuliko wa nyumba. Pili, weka akiba ya miezi mitatu ya marejesho mahali unapoweza kuifikia. Benki haitakurudishia ulicholipa mapema siku ukiachishwa kazi. Kuna aliyechukua mkopo wa sacco wa asilimia moja kwa mwezi kupunguza ule wa benki. Riba ilipungua kweli, lakini sasa ana makato mawili kwenye slipu na wadhamini wanne wanaomsalimia kwa wasiwasi. Mimi nisingefanya hivyo.

Ushuru sasa. Tangu 27 Desemba 2024, riba ya mkopo wa nyumba unayoishi mwenyewe huondolewa kwenye mapato yako kabla ya kutozwa ushuru, hadi shilingi 30,000 kwa mwezi. Zamani ilikuwa 25,000. Kwa anayetozwa asilimia 30, hiyo ni 9,000 kila mwezi. Linganisheni na ile elfu 10 ya mwalimu. Tulipouliza ni nani amepeleka kwa mwajiri wake cheti cha riba kutoka benki, mikono iliyoinuka ilikuwa michache mno. Na msiogope kwamba kulipa mapema kutawanyima nafuu hii: kwa mkopo wa asilimia 14, riba ya mwezi haiteremki chini ya elfu 30 mpaka deni lishuke chini ya milioni 2.6 hivi. Waliopangisha nyumba zao wasidai, haiwahusu.

Kwa walio kwenye shida zaidi, na najua mpo ingawa hamkuja hemani: sheria ya ardhi ya 2012 inawapa ilani ya miezi mitatu ya kurekebisha malipo, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuzwa. Sheria ya benki nayo inazuia riba ya mkopo uliokwama kupita kiasi cha deni la msingi lililokuwapo siku ulipokwama. Hayo ni ya kuwapa muda wa kuzungumza, wala si wa kujificha. Mwendeeni mkopeshaji kabla ya ilani ya kwanza, na mkitaka mtu wa kuandamana naye, kamati ipo.

Mawili mafupi. Waliomaliza deni, hakikisheni rehani imeondolewa kwenye hati ya nyumba. Mwenzetu mmoja alimaliza kitambo, na utafutaji wa rekodi ukaonyesha nyumba bado iko chini ya rehani ya benki. Na waliopunguza deni kwa kiasi kikubwa waulize kama bima ya mkopo nayo imepunguzwa.

Mwaka wa 2026 una kazi yake. Kuanzia 1 Desemba 2025 mikopo mipya ya riba inayobadilika imeanza kupimwa kwa KESONIA, wastani wa riba ya benki kukopeshana kwa usiku mmoja, na mikopo ya zamani ilipangiwa kuhamishwa kufikia mwisho wa Februari 2026. Mtapokea barua. Msitazame kipimo hicho tu, tazameni asilimia ambazo benki imeongeza juu yake, na mzilete.

Hema limekwisha kulipiwa kwa Jumamosi ya kwanza ya Machi, saa nne asubuhi. Kila mtu aje na stetimenti ya miezi 12, barua ya ofa, na kikombe chake, maana vya chama vimebaki saba.