Barua ya wazi kwa Kamishna wa Bima: ngazi ya pili, kulia na kushoto

Mheshimiwa Kamishna,

Sisi tunaoandaa madai ya kliniki za maumivu ya mgongo hapa Marekani tunakuomba uingilie jambo dogo linalokwamisha malipo: sindano za viungo vya faseti (viungo vidogo vya nyuma ya uti wa mgongo) zinapochomwa ngazi zaidi ya moja, pande zote mbili.

Chukua mgonjwa anayechomwa ganzi kwa ajili ya viungo vya L4-L5 na L5-S1 (kati ya pingili za chini za mgongo), kulia na kushoto. Kila kiungo kinahudumiwa na neva mbili, na ile ya L4 inahudumia vyote viwili. Kwa hiyo daktari analenga neva tatu kila upande: L3, L4 na L5. Jumla sindano sita. Lakini kinachohesabiwa ni kiungo, si sindano wala neva, hivyo ngazi ni mbili tu: msimbo (namba ya huduma kwenye dai) 64493 kwa ya kwanza, 64494 kwa ya pili. Msimbo 64495 ni wa ngazi ya tatu na zote zinazofuata, mara moja kwa siku kila upande. Picha za eksirei za kuongoza sindano zimo humo humo. Anayeongeza 77003, msimbo wa picha hizo, asilalamike akikataliwa.

Hadi hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza kwenye upande wa pili. Mwongozo wa CPT (orodha ya misimbo hii ya huduma) unasema 64493 iwekewe kirekebishi 50, alama ya pande zote mbili, ila 64494, kwa kuwa ni msimbo wa nyongeza, iandikwe mara mbili bila hiyo 50. Medicare, bima ya serikali kuu hasa kwa wazee, nayo inataka daktari aweke 50 kwenye misimbo yote miwili, idadi moja kila mstari. (Medicare haiko chini yako, tunajua, lakini angalau imeandika inachotaka.) Kampuni za bima unazozisimamia, baadhi zinafuata njia ya kwanza, baadhi ya pili, nyingine zinataka mistari miwili yenye RT (kulia) na LT (kushoto), na nyingi hazisemi popote.

Tukiandika 64494 mara mbili kwa kampuni isiyotaka hivyo, kompyuta yao inauona mstari wa pili kuwa marudio na kuukataa kwa sababu namba 18. Tukiweka 50 kwa kampuni inayofuata CPT, mstari mzima unarudi kwamba kirekebishi hakifai, au unalipwa upande mmoja kimyakimya. Hili la mwisho ndilo baya zaidi, maana halionekani mpaka mtu alinganishe malipo na dai mstari kwa mstari.

Nasi upande wetu tuna wajibu. Ripoti inayosema tu "sindano za kiuno, ngazi kadhaa" haistahili kulipwa; lazima itaje kila kiungo, upande wake, na kwamba picha ilitumika. Bila eksirei wala CT, misimbo hii haitumiki kabisa.

Tunaomba uziagize kampuni zitangaze kwa maandishi jinsi ya kudai 64494 na 64495, pamoja na 64491 na 64492 za shingo na kifua, pande zote mbili, na zitoe notisi kabla ya kubadilisha. Pia mstari usikataliwe kama marudio kabla ya upande uliotajwa kusomwa.

Wako,
Waandaaji wa madai ya kliniki za maumivu