YAH: MALALAMIKO KUHUSU BOTI YA KURAMBAZA ISIYOWEZA KWENDA POLEPOLE

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi iliyopita mimi na mke wangu tulikodi kwenu boti kwa siku nzima, tukarambaze, yaani tukavue kwa kukokota chambo nyuma ya boti, samaki aitwaye trauti wa upinde wa mvua ziwani. Tulirudi mikono mitupu. Hilo peke yake silalamikii. Mvuvi anayedai samaki kwa risiti hajui uvuvi. Ninacholalamikia ni kwamba mlitupa chombo kisichoweza kwenda polepole, na nilipowapigia simu nikajibiwa kuwa "samaki ni bahati".

Tangazo lenu linasema boti "imeandaliwa kwa kurambaza": injini kubwa ya kufikia mahali pa kuvulia, injini ndogo ya kurambazia, sona ya kuonyesha kina na mwendo, na winchi mbili za kushushia mishipi kwa tufe zito la madini ya risasi lililofungwa kwenye waya. Hiyo injini ndogo ndiyo iliyotufanya tuwachague ninyi. Tulipofika gatini, kijana wenu aliivuta kamba yake labda mara kumi na tano. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Akatuambia kwa adabu kabisa (sina neno baya juu yake), "Tumieni hiyo kubwa, mtapunguza moto tu."

Haukupungua. Ikiwa kwenye gia na mkono wa mafuta umeshushwa hadi mwisho, sona ilisoma kilomita 6 kwa saa, na ziwa siku hiyo lilikuwa limetulia kama maji ya kwenye sinia. Trauti hurambazwa kwa kilomita 2 hadi 4 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Nilijaribu kutoa gia na kuirudisha, kutoa na kuirudisha. Boti ikawa inashtuka kama punda aliyegoma, matufe yakipanda na kushuka.

Aliyepokea simu yangu aliona tofauti ya kilomita mbili tatu si kitu, kwa hiyo naomba nimweleze. Chambo chetu kilikuwa kibati chenye umbo la kijiko. Kikikokotwa taratibu huyumba huku na huku kama kisamaki kilichojeruhiwa, na huko kuyumba ndiko kunakomshawishi trauti. Kikikimbizwa, huacha kuyumba kikaanza kuzunguka kama pia, na kila mzunguko huusokota mshipi. Swiveli, vile viungo vinavyozunguka ili mshipi usisokotwe, tulikuwa nazo, tena nzuri, lakini swiveli hazimalizi msokoto wa saa sita.

Kisha kuna suala la kina. Maji ya juu yalikuwa nyuzi 21. Trauti hupenda maji ya baridi, nyuzi 12 hadi 16 hivi, kwa hiyo wakati wa joto hushuka kutafuta tabaka lenye baridi na hewa ya kutosha. Sona yenu, ambayo naisifu, ilituonyesha walipo: mita 12. Tukashusha matufe mpaka kaunta za winchi zikasoma 12. Lakini mwendo ukizidi mara mbili, maji husukuma waya kwa nguvu inayokaribia mara nne. Waya zikalala nyuma ya boti badala ya kusimama, na matufe yakapanda. Tukaongeza waya hadi 17, na kuanzia hapo tukawa tunakisia tu.

Kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 7 mchana tulipata mguso mmoja, nao ulikuja tulipokata kona kwenda kushoto, kwenye ufito wa kushoto. Mke wangu ndiye mvuvi nyumbani kwetu. Kazi yangu mimi ni usukani. Akanigeukia akasema, "Umeona, mume wangu? Ule wa ndani ya kona ndio uliopunguza mwendo." Ni kweli. Boti ikikata kona, chambo cha upande wa ndani huenda polepole kuliko cha nje. Kwa nusu dakika chambo kimoja kilikuwa kimepata mwendo uliotakiwa, na samaki akakigusa.

Ndipo tukatafuta akili nyingine. Ndani ya boti kulikuwa na ndoo mbili za kutolea maji. Tukazifunga kwa kamba, moja kila ubavu, tukazitupa majini zituzuie. Namba kwenye sona zikaanza kushuka: 5, 4.2, 3.6. Waya zikasimama. Ncha za fito zikaanza kutikisika taratibu kwa mpigo uleule, dalili kwamba vibati vinayumba inavyopasa.

Dakika ya ishirini hivi ufito wa kulia ukanyooka ghafla. Anayerambaza kwa tufe anajua maana yake: mshipi umebanwa kwa kibanio kule chini ndiyo maana ufito umepinda, na samaki akila kibanio huachia. Mke wangu aliunyakua kabla sijageuka. Samaki akaruka mara mbili nyuma yetu, mkubwa, ule mstari wa waridi ubavuni ukaonekana wazi. Akashuka, akachukua mshipi, rili (gurudumu la mshipi kwenye ufito) ikalia. Halafu ikanyamaza.

Aliporudisha mshipi ndani, ncha yake ilikuwa imejikunja kama springi ya kalamu. Ulikuwa umekatika pale ulipojifunga kitanzi wenyewe kwa kusokoteka tangu asubuhi. Hakusema kitu. Aliunyoosha kwa vidole viwili, akauachia, ukajikunja tena. Akafanya hivyo mara tatu. Hatukuwa na hamu ya kuendelea, na hata hivyo muda mfupi baadaye ndoo moja iling'oka mkono ikazama, ya pili ikapasuka.

Saa sita za mwendo wenu, mguso mmoja wa kwenye kona. Dakika ishirini za mwendo sahihi, samaki mzima. Sidai kwamba huo ni utafiti, lakini msiniambie ni bahati.

Jambo jingine nalitaja kwa ufupi ingawa ni zito kuliko samaki: kamba ya kuzimia injini, ile dereva anayojifunga ili injini izime akianguka majini, haikuwepo. Niliiulizia. Nikaambiwa "ipo ofisini". Ofisini hakuna anayezama.

Tuliporudi gatini mkatukata sehemu ya dhamana kufidia ndoo mbili. Hapo ndipo nilipoamua kuandika. Kwa maoni yangu, ndoo hizo ndizo kifaa pekee cha kurambazia mlichotupa kikafanya kazi.

Naomba mturudishie dhamana yote pamoja na nusu ya malipo ya siku. Nasema nusu kwa sababu boti ilitupeleka ikaturudisha salama, na injini kubwa haina kosa; ilifanya kazi iliyotengenezewa. Naomba pia injini ndogo itengenezwe, au maneno "imeandaliwa kwa kurambaza" yaondolewe kwenye tangazo hadi itakapotengenezwa. Na ile kamba itoke ofisini iwekwe kwenye boti, leo, kabla ya mteja mwingine kuondoka gatini.

Nasubiri jibu lenu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata nitapeleka suala hili kwenye mamlaka inayoshughulikia haki za walaji. Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha ya sona ikisoma kilomita 6, na picha ya ule mshipi.

Tuko tayari kukodi tena kwenu. Mke wangu ana sharti moja tu: injini ndogo aiwashe yeye mwenyewe, kabla hatujalipa.

Wenu,
Mteja wa Jumamosi