Miche ya muputu inahitaji udongo wa msituni

Mheshimiwa Mhariri,

Kila mvua za Novemba zinapokaribia, watu wenye nia njema hapa Lubumbashi hugawa miche ya kupandwa mahali palipokatwa miti kwa ajili ya makala, yaani makaa ya kupikia. Nawashukuru kwa dhati, lakini naona wengi wanasahau udongo unaotiwa katika vifuko vya miche.

Nilipoanza kuotesha mbegu za muputu na mutondo nyumbani, nilitumia mchanga wa mtoni na samadi. Mbegu ziliota vizuri, kisha majani yakageuka manjano, miche ikadumaa na mingi ikafa, ingawa maji sikuyakosesha. Miti hiyo ya miombo huishi kwa ushirika na kuvu zinazovika ncha za mizizi yake, ushirika ambao mtaalamu wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, aliuita mikoriza mwaka 1885. Nyuzi za kuvu, nyembamba kuliko unywele, hupenya pale ambapo mzizi haufiki, zikauletea mche fosforasi, nitrojeni na maji, nao mche huzilisha kuvu sukari iliyotengenezwa na majani. Uyoga mwingi ambao mama zetu huuza kando ya barabara wakati wa mvua ni zao la kuvu hizo, isipokuwa ule unaoota kwenye vichuguu.

Maembe na avoka hushirikiana na kuvu za aina nyingine, zisizotoa uyoga, ambazo hupatikana karibu katika kila shamba. Ndiyo maana aliyezoea kuotesha avoka hushangaa muputu unapomshinda. Nayo misonobari iliyoletwa Afrika ilikataa kustawi mahali pengi mpaka ilipoletewa udongo wenye kuvu zake.

Miti ikishakatwa yote, kuvu hizo hukosa mlishaji na hupungua ardhini mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mche unaopelekwa kwenye uwanda wa makala hauna budi kwenda na kuvu zake. Wenye vitalu wachote udongo wa juu, pamoja na vijizizi vyembamba, chini ya muputu au mutondo uliokomaa na wenye afya, wakitoa kidogo kidogo kwenye miti mbalimbali, kisha watie kiganja kimoja katika kila kifuko. Mbolea ya fosfati isizidi, maana mche ulioshibishwa nayo huacha kushirikiana na kuvu.

Naomba wanaoandaa miche ya Novemba ijayo waanze kuchota udongo huo kabla ya kusia mbegu.

Mwotesha miche,
Lubumbashi